Kitambulisho cha jimbo: dola 16 ndiyo sehemu rahisi

Mgeni aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma akishafika Marekani hutuuliza mapema: kitambulisho natoa wapi? Anatarajia ofisi moja ya taifa, kama NIDA ya Tanzania. Haipo. Kila jimbo kati ya 50 hutoa chake, na ofisi ya leseni za udereva ndiyo inayompa kitambulisho hata asiyeendesha gari. California na New York huiita DMV, Ohio BMV, Texas DPS. Illinois kazi hiyo ni ya Katibu wa Jimbo. Kwa hiyo bei aliyokutajia ndugu yako wa jimbo jingine usiibebe.

Ada yenyewe haitishi sana. Texas kitambulisho ni dola 16, na aliyefikisha miaka 60 hulipa 6. California hakina malipo kwa mwenye miaka 62 na kuendelea, Illinois kwa mwenye 65. Majimbo hayo mawili pia huwapa bure wasio na makazi, mradi walete fomu inayothibitisha hali yao. Ila usitegemee karani akukumbushe. Usipouliza, utalipa.

Pesa huvuja kwingine. Kwanza ni muda wa kadi. Kwa kadi za REAL ID, zile za jimbo zinazofuata kiwango cha serikali kuu na kwa kawaida zina nyota pembeni, mwenye kibali cha muda cha kukaa nchini hupewa kadi inayoisha pamoja na kibali chake. Kama kibali hakina tarehe ya mwisho, kadi ni ya mwaka 1 tu. Mwenzake mwenye uraia anakaa na yake miaka kadhaa, yeye anarudi foleni, anaomba ruhusa kazini, anatafuta wa kumpeleka.

Pili ni madeni. Majimbo mengi yamezoea kufungia leseni ya mtu asiyelipa faini. Mimi jambo hili sijawahi kulielewa: unamnyang'anya mtu njia ya kwenda kazini, kisha unamdai. California iliacha mwaka 2017, Virginia 2020, na Texas ilifuta mwaka 2019 mpango wake wa 2003 wa kuwatoza madereva nyongeza juu ya faini. Ukipata faini usiifiche kabatini. Nenda mahakamani kabla ya tarehe iliyoandikwa, ukaombe kulipa kidogo kidogo.

Watu wengi pia wanakimbilia REAL ID, ile kadi ya nyota, wakidhani bila hiyo hawaruhusiwi kuendesha. Si kweli. Tangu Mei 7, 2025 inadaiwa kwenye ukaguzi wa ndege za ndani na kuingia majengo fulani ya serikali kuu. Uwanja wa ndege bado wanapokea pasipoti, hata ya nchi yako, green card na kadi ya kibali cha kazi.

Lakini kinachowarudisha watu nyumbani mikono mitupu ni majina. Tuchukue mama ambaye I-94 yake, ile rekodi ya kuingia nchini, inasema Furaha Neema, kadi ya Social Security (ya namba ya hifadhi ya jamii) inasema Neema Furaha, na mkataba wa nyumba una jina la mume peke yake. Hana kosa lolote, ila kompyuta haimtambui. Tarehe nazo zina mtego wake: hapa mwezi hutangulia, 3/7 ni Machi 7, si Julai 3. Ukijaza fomu kwa mazoea ya nyumbani umejizalia siku nyingine. (Wale tulioandikiwa Januari 1 kambini, angalau hilo halitusumbui.)

Basi kabla ya kuomba miadi, tandaza karatasi zako zote mezani ulinganishe majina. Kosa likiwa kwenye kadi ya Social Security, anzia ofisi yao. Kusahihisha huko hakulipiwi. Mkalimani muulizie unapochukua miadi, usimwachishe mtoto shule aje kukutafsiria. Na kadi huja kwa posta, kwa hiyo ile karatasi ya muda unayopewa dirishani isome hapo hapo, herufi kwa herufi, kabla karani hajaita mwingine.