Tamthilia ya Kituruki: si kila ndefu imevutwa

Barazani Ngamiani, Tanga, wengi huamini kwamba tamthilia ya Kituruki ikishavuka sehemu ya mia imeishiwa, inavutwa tu. Zipo kweli zilizopitiliza, hadi mtu aliyezikwa anarudi. Lakini idadi ya sehemu ni kipimo kibaya.

Huko Uturuki tamthilia nyingi hurushwa mara moja kwa wiki, na sehemu moja mara nyingi huzidi saa mbili. Ikiuzwa nje, kawaida hukatwa vipande vya dakika 45 hivi. Piga hesabu: sehemu 30 za dakika 135 zinazaa vipande 90, na kisa ni kilekile. Tena kwao, ikikosa watazamaji huzimwa mapema, pengine kabla hadithi haijakolea.

Kuhakiki si kazi. Tafuta mtandaoni jina lake la asili, si lile la Kiswahili, uone zilikuwa sehemu ngapi na ilianza na kuisha lini. Sehemu ikikatika katikati ya mazungumzo, kesho yake ikaendelea palepale, hapo umepita mkasi. Ila wahusika wakuu wakianza kutoweka mmojammoja, na ndoa ileile ikavunjika mara ya nne, anayelalamika ana haki yake.