Nani atashika endoskopi kesho? Kurithishana kazi katika timu ya kichwa maji

Hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale, mashariki mwa Uganda, ilianzishwa chini ya Benjamin Warf, bingwa wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani. Mwaka 2006 Warf alirudi kwao, na John Mugamba, Mganda aliyefundishwa naye upasuaji wa kichwa maji (maji kujaa ndani ya ubongo), akashika usukani. Upasuaji haukusimama. Sisi wa fani hii tunautaja sana mfano huo, lakini tukiishia kwenye majina mawili tunaacha kazi yenyewe.

Shanti, yaani mpira unaowekwa mwilini kuondoa maji ya kichwani, huziba, na mtoto anayeishi mbali na hospitali anaweza kufa kabla hajafikishwa. Ndiyo maana Mbale waliendeleza njia isiyoacha mpira mwilini: endoskopi inayopinda (kamera nyembamba) hupitishwa utosini hadi kwenye ventrikali, yaani vyumba vya maji ndani ya ubongo, sakafu ya ventrikali ya tatu hutobolewa ili maji yapate njia, kisha koroidi pleksi inayotengeneza maji huunguzwa kwa umeme pande zote mbili.

Kazi hii haikabidhiwi nzima kwa siku moja. Mwanafunzi huanza kwa kuongoza endoskopi na kutaja kila anachokiona kwenye skrini, bila kugusa kitu. Baadaye huunguza koroidi ya kulia, kutoka mbele kwenda nyuma hadi pembe ya chini ya ventrikali. Ya kushoto ni ngumu zaidi kwa sababu lazima apite kwenye tundu la ukuta unaotenganisha ventrikali ya kulia na ya kushoto. Hapa ndipo wengi huchoka na kuacha mabaki, na mabaki hayo huendelea kutoa maji. Kutoboa sakafu huja mwishoni, ingawa kwa mpangilio wa upasuaji hutangulia: chini yake imelala ateri ya basila, mshipa mkubwa wa damu ya ubongo, na kosa moja linatosha kuua. Hutobolewa kwa ncha butu, bila moto.

Kipimo changu cha mrithi hata hivyo si mikono. Nauliza: akikuta chini ya sakafu aliyoitoboa kumejaa makovu ya maambukizi ya zamani, anaweza kuamua mwenyewe kuweka shanti, bila kumpigia simu mwalimu?

Sasa timu. Mtoto wa kilo 4 ana damu kama mililita 320 tu, kwa hiyo kupoteza mililita 32 ni sehemu ya kumi. Maji ya kusafishia yanayopitishwa kwenye endoskopi yakiingia bila kutoka, shinikizo la kichwani hupanda na mapigo ya moyo hushuka ghafla. Anayeona kwanza ni mtaalamu wa nusukaputi. Lazima awe na ruhusa ya kusema "simama", na daktari aache maji yatoke kabla ya kuuliza sababu. Uongozi unapobadilika, sauti hii ndiyo huwa ya kwanza kupotea: watu walimzoea mwanzilishi, mgeni bado wanamwonea haya. Kiongozi mpya aiombe kwa jina la mtu, kila asubuhi, kabla ya kisu.

Urithi mwingine unaosahaulika ni endoskopi yenyewe. Nyuzi zake za kioo zikikatika, vidoti vyeusi hutokea kwenye picha, vikiongezeka hadi mishipa isionekane. Kifaa hukunjwa kupita kiasi wakati wa kuosha, au mtu huingiza kwenye mvuke wa moto aina isiyostahimili joto hilo. Kama ni muuguzi mmoja tu anayejua kukiosha na kukipima uvujaji, akienda likizo programu imesimama. Wafundishwe watatu.

Halafu kuna daftari la ufuatiliaji. Upasuaji ukishindwa, mara nyingi hushindwa ndani ya miezi 6, kwa hiyo mzingo wa kichwa hupimwa na kuandikwa kila ziara, na asiyerudi hutafutwa. Kwa utunzaji wa aina hii Mbale iliweza kufanya jaribio lililochapishwa mwaka 2017: watoto 100 wa chini ya miezi 6, wenye kichwa maji kilichotokana na maambukizi, waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya shanti na endoskopi. Baada ya mwaka, maendeleo yao ya akili hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Mwanzilishi alikuwa ameshaondoka miaka mingi.

Mwanzilishi anayejiandaa kuondoka aanze kwa kukaa kando: kwanza msaidizi mezani, kisha nje ya chumba, kisha nje ya ratiba. Jina la mrithi liandikwe kwenye ubao wa upasuaji kama daktari mkuu, mwanzilishi angali bado yupo, ili wazazi na wauguzi wamzoee kwa jina hilo.