Je wajua kwa nini bethdei ya Mwalimu Nyerere sio sikukuu?

Wiki ya tarehe 7 mpaka 13 Aprili kwetu Tanzania ni wiki nzito sana, yaani ndani ya siku saba tu unakutana na wazee watatu, tarehe 7 Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, tarehe 12 Sokoine, tarehe 13 Mwalimu. Wawili wa mwanzo tunakumbuka kufariki kwao, Mwalimu peke yake ndo kazaliwa wiki hii, Butiama, 1922, na siku yake hiyo watu wanaenda kazini kama kawaida.

Iko hivi, sikukuu za viongozi wetu tunaziweka siku waliyotutoka. Karume Day ni 7 Aprili kwa sababu jioni ya siku hiyo mwaka 1972 Mzee alipigwa risasi pale Kisiwandui, Zanzibar, makao makuu ya chama chake cha Afro-Shirazi (ASP), na kaburi lake lipo hapohapo, kila mwaka viongozi wanaenda kumsomea hitima. Nyerere Day nayo ni 14 Oktoba, siku aliyofariki London mwaka 1999. Ndo desturi tuliyokulia nayo, mtu akiondoka kuna hitima, kuna arobaini, kuna misa ya kumbukumbu, mambo ya keki na mishumaa yamekuja juzi tu.

Halafu zamani tarehe ya kuzaliwa nani aliiandika? Watu walishika tukio, na jina la mtoto ndo likawa kalenda yenyewe. Mwalimu aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki, kwa sababu siku aliyozaliwa mvua ilinyesha, na Aprili si ndo masika yenyewe. Baba yake, Chifu Burito, yeye ndo alipewa jina la Nyerere, maana yake viwavi, kwa kuwa alizaliwa wakati viwavi wamevamia mashamba. Mimi hii huwa inanigusa sana, jina tunalolitaja kila siku kumbe limebeba habari ya mwaka wa viwavi huko karne ya 19.

Sokoine hana siku ya mapumziko kitaifa, ila waliokuwepo 1984 hawahitaji kukumbushwa. Alikuwa Waziri Mkuu, ana miaka 45, anatoka bungeni Dodoma kurudi Dar, gari yake ikapata ajali maeneo ya Dakawa, Morogoro. Mama yangu alikuwa anapepeta mchele nje, redio iko dirishani, akasikia sauti ya Mwalimu mwenyewe inatangaza msiba, anasema aliweka ungo chini na mchele ukalala hapohapo mpaka kuku wakaumaliza, hakuna aliyewafukuza.

Ilikuwa tarehe 12. Kesho yake Mwalimu alitimiza miaka 62.