Divai kongwe haihitaji saa nyingi za kupumua

Wengi huamini divai nyekundu ya Bordeaux, Ufaransa, ya mwaka 1982 lazima imiminwe kwenye jagi saa 3 kabla ya chakula ili "ipumue". Sivyo. Divai changa ndiyo hulainishwa na hewa. Kongwe ina harufu dhaifu, na hewa nyingi huifukuza kabla wageni hawajaketi. Jagi hapa ni la kutenganisha mashapo tu. Simamisha chupa siku moja au mbili kabla, yatuame. Kizibo cha umri huo huvunjika upesi, kivute polepole mno. Mimina mfululizo, tochi ikimulika nyuma ya shingo ya chupa. Ukisita katikati, mashapo hutibuka. Ukiona wingu jeusi likifika shingoni, acha hapo hapo, kisha wamiminie wageni mara moja.