Birika la Wati Nyingi Halimalizi LUKU

"Birika la wati 2,200 linakula umeme, nunua la wati 1,000." Ushauri huu utausikia hata dukani. Wati ni kasi tu. Umeme utakaotumika unategemea lita ulizomimina na nyuzi ambazo maji yanapaswa kupanda. Zidisha lita kwa nyuzi hizo, gawa kwa 860, umepata uniti. Lita 1.5 kutoka nyuzi 22 hadi 100 ni 1.5 × 78 ÷ 860, yaani uniti 0.14 hivi. Birika la wati 2,200 litamaliza kazi hiyo kwa dakika nne kasoro, la wati 1,000 kwa dakika nane na ushee. Tena hilo la polepole ndilo linalokula zaidi kidogo, maana muda wote huo joto linapotea. Hasara ya kweli ni kujaza birika pomoni kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai.

Maji ya kuoga nayo yana imani yake: eti kuchemsha kidogo na kuyapooza kwa maji baridi ni nafuu kuliko kupasha ndoo nzima. Piga hesabu. Ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 22 hadi 40 ni uniti 0.42. Lita 4.6 zikichemshwa hadi 100, kisha ndoo ikajazwa maji baridi, unapata nyuzi 40 zilezile kwa uniti 0.42 zilezile. Ukitaka nafuu, oga kwa nusu ndoo.

Chumvi kuharakisha maji kuchemka? Hapana. Inapandisha kidogo mno kiwango cha kuchemka.

Jikoni wengi huacha maharage yatokote kwa fujo wakidhani yataiva upesi. Maji yakishachemka hayazidi kuwa ya moto: Dar es Salaam yanakomea nyuzi 100, Nairobi, kwa mwinuko wake, karibu 94. Moto wa ziada unatengeneza mvuke tu, na mvuke ni ghali: kukausha lita moja inayochemka kunahitaji karibu mara 7 ya joto lililoichemsha. Punguza moto, funika sufuria.

Ila ile 860 inahesabu joto lililoingia majini peke yake. Birika la umeme linakaribia hapo. Mafiga matatu hayakaribii kabisa. Sehemu kubwa ya joto la kuni huishia hewani na kwenye masizi, hivyo anayekadiria kuni kwa hesabu hii aandae mzigo mara kadhaa ya jibu lake.