Kwa Nini Ninapinga Kodi Mpya Baada ya Maafa

Kila mafuriko makubwa yanapobomoa madaraja na kuzoa nyumba, haupiti muda mrefu kabla ya serikali kupendekeza kodi ya muda ya kugharamia ujenzi upya, na anayeipinga huonekana kama mtu asiye na huruma. Mimi ni mchambuzi wa fedha za umma, na ninaipinga. Sisemi kwamba fedha hazihitajiki. Zinahitajika, tena upesi. Ninachosema ni kwamba kodi ya namna hii huchelewa kufika, hutozwa wakati uchumi tayari umejeruhiwa, na huwapunguzia viongozi ulazima wa kueleza kwa nini janga lililotarajiwa halikutengewa fungu mapema.

Suala la muda ndilo rahisi kulieleza. Kodi huanza kwa muswada, hujadiliwa bungeni, kisha husubiri mwaka mpya wa fedha ili waajiri waanze kuikata kwenye mishahara. Kwa hiyo fedha za uokoaji, makazi ya dharura na kufungua barabara hutoka kwingine, yaani kwenye akiba au mikopo, na kodi huja baadaye kulipia pengo. Linganisha na mfuko wa pamoja wa bima ya majanga wa nchi za Karibiani, CCRIF, ulioanzishwa mwaka 2007: baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, uliilipa serikali ya nchi hiyo takriban dola milioni 7.75 ndani ya siku 14. Kiasi hicho kilikuwa kidogo mno kwa ukubwa wa msiba ule, lakini kilifika wakati ambapo hakuna kodi yoyote duniani ingeweza kufika.

Mfano unaofaa kuchunguzwa kwa makini ni wa Australia. Mwishoni mwa Januari 2011, baada ya mafuriko ya Queensland, Waziri Mkuu Julia Gillard alitangaza tozo ya mwaka mmoja kuanzia Julai: asilimia 0.5 ya sehemu ya kipato iliyozidi dola 50,000 za nchi hiyo, na asilimia 1 ya sehemu iliyozidi dola 100,000, huku walioathiriwa na mafuriko wakisamehewa. Ilikusudiwa kukusanya dola bilioni 1.8 kati ya bilioni 5.6 zilizokadiriwa kuhitajika. Kiasi kikubwa cha kilichobaki kingetokana na kupunguza matumizi na kuahirisha miradi. Kwa haki niseme kwamba tozo hiyo iliisha kwa wakati, jambo ambalo ni nadra. Hata hivyo, sababu yake kuu haikuwa kwamba nchi imeshindwa kukopa, kwa kuwa deni lake lilikuwa dogo likilinganishwa na la mataifa mengi tajiri. Serikali ilikuwa imeahidi bajeti yenye ziada ifikapo mwaka wa fedha 2012/13, na haikutaka kuivunja ahadi hiyo. Ziada yenyewe haikupatikana.

Lililonivutia zaidi lilijitokeza katika Seneti. Ilibainika kwamba Queensland, jimbo linalopigwa na vimbunga na mafuriko mara kwa mara, halikuwa na bima ya nje kwa barabara na mali zake nyingine, huku utaratibu wa kitaifa ukiiruhusu serikali kuu kurejesha hadi asilimia 75 ya gharama za majimbo. Seneta Nick Xenophon, ambaye kura yake ilihitajika, alishikilia kwamba majimbo yatazamwe upya yanavyojikinga kwa bima. Kwa maoni yangu, sharti hilo lilikuwa na thamani kubwa kuliko tozo yenyewe, kwa sababu anayejua kwamba hasara yake italipwa na mwingine hana haja kubwa ya kujikinga.

Kwingineko, neno «ya muda» limenyooshwa kupita kiasi. Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani liliweka kodi ya asilimia 10 kwenye pombe baada ya mafuriko ya Johnstown ya mwaka 1936. Mji ulijengwa upya zamani, lakini kodi ilibaki, ikapandishwa hadi asilimia 15 mwaka 1963 na 18 mwaka 1968, na mapato yake huingia katika mfuko mkuu wa jimbo. Japani nayo, baada ya tetemeko na tsunami ya 2011, iliongeza tozo ya asilimia 2.1 ya kiasi cha kodi ya mapato anachodaiwa mtu, kwa miaka 25, kuanzia 2013. Sehemu ya fedha za ujenzi upya ilitumika hata kuusaidia mpango wa uvuvi wa nyangumi, na Desemba 2022 serikali ilikuja na mpango wa kupunguza kiwango hicho ili kupisha kodi ya ulinzi, huku muda wa kutozwa ukirefushwa.

Nitaambiwa kwamba kukopa ni kuwabebesha watoto mzigo wetu. Hoja hiyo ina uzito pale mkopo unapolipia matumizi ya kawaida. Daraja na hospitali, hata hivyo, vitatumiwa na watoto hao hao, na mwanauchumi Robert Barro alionyesha mwaka 1979 kwamba gharama kubwa za ghafla ni nafuu kuzisambaza kwa miaka mingi kupitia deni kuliko kupandisha kodi kwa mshtuko.

Ningependa akiba itumike kwa majanga madogo yanayojirudia, mkopo kwa ya kati, na bima au hati fungani za majanga (ambazo wawekezaji hupoteza fedha zao, zikaenda kwa serikali, janga lililotajwa likitokea), kama zile Meksiko ilizotoa kwa mara ya kwanza mwaka 2006, kwa yale makubwa na ya nadra. Juu ya hayo yote, fedha zitumike kabla ya janga. Tume ya Tija ya Australia ilibaini kwamba matumizi ya serikali kuu katika kupunguza athari mapema yalikuwa takriban asilimia 3 tu ya yale yaliyofuata baada ya majanga. Mafuriko yaliporudi Queensland mwaka 2013, hakukuwa na tozo mpya. Serikali kuu na jimbo zilianzisha mfuko wa dola milioni 80 wa kujenga barabara na madaraja yaliyoharibika kwa viwango vya juu kuliko vya awali.