Si kila mwenye kilemba alitoka Mashariki

Dhana potofu: Mchoro wa enzi ya baroko (mtindo wa sanaa wa Ulaya wa karne ya 17) ukiwa na mtu wa kilemba au joho la hariri, basi mchoraji alimwona mtu wa Mashariki.

Ukweli: Tazama sura kwanza, nguo baadaye. Mwaka 1617 Rubens, mchoraji wa Antwerp, alichora kwa chaki mtu aliyevaa joho pana la Kichina na kofia ndefu. Huyo ni Nicolas Trigault, padri Mjesuiti (wa shirika la Kikatoliki la Yesu) mzaliwa wa Douai, mji ulio sasa kaskazini mwa Ufaransa, aliyekuwa amerudi Ulaya kutafutia misheni ya China michango na mapadri. Miaka mitano baadaye, mjini Roma, Van Dyck, mchoraji mwingine wa Antwerp, alimchora Robert Shirley, mjumbe wa Shah wa Uajemi, kilemba kichwani. Naye ni Mwingereza! Wa Mashariki hasa alikuwa mkewe Teresia, Mcherkesi (wa kabila la milima ya Kaukasi) aliyemwoa hukohuko Uajemi; Van Dyck alimchora pia.

Dhana potofu: Basi yote yalikuwa maigizo.

Ukweli: Hapa Rembrandt, mchoraji Mholanzi, anatutatiza. Mwaka 1632 alifanya kama wenzake: kilemba kikubwa juu ya uso wa Kiholanzi. Lakini kati ya 1656 na 1661 hivi, akiwa Amsterdam, alinakili picha ndogo za wachoraji wa Kimughali, yaani wa dola ya Kiislamu iliyotawala India. Michoro zaidi ya 20 imesalia, mingi ikiwa kwenye karatasi ghali kutoka Asia. Mmoja wa aliowachora ni Shah Jahan, mfalme wa dola hiyo, aliyekuwa angali hai. Ukiitazama unaona mtu anayejifunza: mkunjo wa suruali, kiatu, namna wazee wanne walivyoketi chini ya mti. Mkao huo wa wazee aliutumia kwa Ibrahimu na malaika katika mchoro wake wa 1656. Hakuwahi kufika India, wala hakuhitaji kubuni. Wahindi walikwisha kujichora wenyewe, yeye akawa mwanafunzi wao. Kwangu mimi hiyo ndiyo michoro bora ya aina hii katika karne nzima.

Dhana potofu: Yule "Mkorea", mtu aliye katika mchoro mwingine wa Rubens, ni Mkorea kweli.

Ukweli: Jina hilo lilitokana na mavazi, hasa kofia. Watafiti wengine sasa wanamtaja Yppong, mfanyabiashara Mchina aliyefika Uholanzi mwaka 1600. Ubishi haujaisha. Mchoro uko Los Angeles. Nyuma ya mtu huyo kuna merikebu ndogo, ya mistari hafifu, ambayo wengi hupita bila kuiona.